Nta ya gari ni kidogo tu, na kivulini

Hakuna kinachoudhi kama gari jeusi lililopakwa nta jana, na leo limejaa michirizi ya ukungu. Unga mweupe umeganda kwenye maungio ya milango, pembezoni mwa nembo na kwenye plastiki ya bampa. Mwenye gari amemaliza nusu kopo, ametokwa jasho akifuta, kisha analaumu nta. Nta haina kosa. Imepakwa nyingi mno, na mara nyingi imepakwa juani.

Wingi ndio ugonjwa mkubwa. Nta ya kanauba, ile itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, ni ngumu sana ikiwa peke yake. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86. Ili ipakike, kiwandani huchanganywa na mafuta na viyeyushi. Viyeyushi hivyo lazima viruke kabla hujafuta. Ukipaka safu nene, juu hukauka na chini hubaki mbichi, basi kitambaa badala ya kuokota nta kinaiburuta huku na huko. Hiyo ndiyo michirizi unayoiona. Na kile ulichozidisha hakiongezi ulinzi wowote: kinachobaki kwenye rangi baada ya kufuta hakifiki hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), kingine chote kinaishia kwenye kitambaa.

Kwa nta ya kopo, gusisha sponji na uizungushe mara moja au mbili. Hapo umepata ya mlango mzima. Ya maji, matone mawili matatu yanatosha. Nenda kipande kwa kipande, bila kukandamiza. Kikikauka kionekane kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukiona weupe mzito, umezidisha.

Kuhusu jua: weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, usipake. Nta hugandia kwenye bati la moto kabla hujarudi na kitambaa.

Muda wa kufuta hausomwi kwenye saa peke yake. Dakika 5 hadi 15 ni makadirio. Hewa ikiwa na unyevu, subiri zaidi. Pitisha kidole. Kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kikiacha ukungu uliosambaa, bado. Zipo nta zinazotakiwa kufutwa papo hapo, kwa hiyo maelezo ya kwenye kopo yasomwe.

Futa kwa vitambaa viwili vya maikrofaiba. Cha kwanza kinaokota, cha pili kinamalizia. Kikunje mara mbili upate pande nane, na ugeuze kila upande unapojaa, kwa maana kitambaa kilichoshiba nta kinairudisha pale pale ulipoitoa. Kikianguka chini, kisirudi kwenye rangi. Punje moja ya mchanga inatosha kuchora boneti nzima. Ukivifua, usitumie dawa ya kulainisha nguo, inafunika nyuzi na kitambaa hakinyonyi tena.

Imeshaganda? Acha petroli, acha kisu. Paka nta ileile kidogo juu yake, viyeyushi vyake vitailainisha ya chini, kisha futa zote mara moja. Plastiki nyeusi zibandikwe tepu mapema. Nta ikishaingia kwenye vinyweleo vyake, jaribu kifutio cheupe cha penseli.

Nakubali, safu ya pili ina faida, kwa sababu inafunika ulikoruka. Lakini iwe nyembamba vilevile, na ya kwanza iwe imeshafutwa na kukaa saa kadhaa. Silanti, yaani kinga za rangi zinazotengenezwa kwa kemikali kiwandani, nazo hudumu kuliko kanauba, hilo halina ubishi. Mikwaruzo haiondolewi na nta, inafichwa tu.

Na kabla ya yote haya, osha gari. Kisha ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na upapase rangi. Ukihisi ukwaruzo, pitisha klei, donge laini la kung'oa uchafu ulionata kwenye rangi, ukiwa umenyunyizia kilainishi cha kutosha ili liteleze. Nta juu ya uchafu ulionata inaufungia uchafu ndani.

Nta ya zamani je? Wengi hukimbilia sabuni ya vyombo, wakiona maji hayafanyi tena matone wanaamini imetoka. Sabuni iliyobaki juu ya rangi nayo huvunja matone, nta ikiwa bado ipo chini yake. Osha kwa shampuu, suuza vizuri, pitisha klei, kausha, halafu nyunyizia alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, alkoholi ikiwa kama asilimia 15, kwenye bati lililopoa, na ufute kabla haijakauka.

Gari lililotoka kupigwa rangi liache kwanza. Viyeyushi vya rangi bado vinatoka, na nta inavizibia njia. Muulize fundi aliyeipiga; mara nyingi atakutajia siku 30 hadi 90, kulingana na rangi yenyewe na kama ilikaushwa kwenye tanuri. Hadi hapo, maji na shampuu laini tu.