Dhahabu inapoitafuta zebaki majini

Kwenye mialo ya Geita, Tanzania, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, mchimbaji mdogo humimina zebaki kwenye mchanga uliosagwa na karasha, akaukanda mpaka punje za dhahabu zishikane, kisha akalichoma lile tonge ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Sehemu ya zebaki hiyo huondoka na maji ya kuoshea. Anayechota maji chini ya mwalo ana swali moja tu: yana zebaki au hayana?

Maabara inaweza kumjibu kwa uhakika. Sampuli hutiwa asidi ya nitriki ili zebaki isinate kwenye kuta za chupa, husafirishwa, kisha hupimwa kwa mashine ya bei kubwa yenye mtaalamu wake. Mashine hiyo huona hata kiasi kilicho chini ya maikrogramu 6 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isokaboni (isiyofungamana na kaboni) katika maji ya kunywa. Ila majibu yakifika kijijini, maji yalishanyweka zamani.

Ndiyo sababu chembe nano za dhahabu, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zimenivutia kama kipimo cha papo hapo. Dhahabu ikiwa chembe za nanomita 13 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ndani ya maji, unjano wake hupotea. Inua chupa juani utadhani ni juisi ya rozela. Chembe hizo zikigandana, wekundu huhamia zambarau na buluu. Wakemia huzivisha nyuzi fupi za DNA zenye thaimini, mojawapo ya herufi nne za DNA, kwa kuwa ioni ya zebaki (zebaki yenye chaji ya umeme, iliyoyeyuka majini) hukaa kati ya thaimini mbili na kuzifunga pamoja. Katika muundo mmoja wa kipimo hiki, nyuzi zikishafungwa hivyo haziwezi tena kuzikinga chembe zisigandane. Ukitia chumvi, chembe zinagandana na rangi inageuka mbele ya macho yako. Dhahabu inayotumika kwa kipimo kimoja ni sehemu ndogo ya miligramu.

Wanaosita kukitumia kipimo hiki wana hoja nzito, na sipendi zinavyopitwa haraka. Mwaka 2007 kundi la Chad Mirkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitangaza kipimo cha aina hii chenye uwezo wa kuona zebaki kuanzia nanomoli 100 kwa lita, sawa na maikrogramu 20 hivi kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kikomo cha maji ya kunywa! Baadaye yalikuja maboresho mengi yanayoshuka chini zaidi, lakini maji safi ya maabara si maji ya mto. Maji ya mwaloni yana tope linaloficha rangi, yana chumvichumvi zinazoweza kuzigandanisha chembe hata zebaki isipokuwepo, na mabaki ya majani yaliyooza huweza kuikumbatia zebaki kipimo kisiione.

Linaloniumiza kichwa kuliko yote ni hili. Zebaki haikai sana majini. Hushuka kwenye tope, na huko bakteria huigeuza methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, inayopanda hadi kwenye samaki. Aliyekuwa akichoma tonge naye alishavuta mvuke wake. Kipimo kilichoundwa kwa ajili ya ioni ndani ya maji hakimsemei mla samaki wala mchomaji.

Hata hivyo, kungoja kipimo kikamilike ni kuwaacha watu wanywe bila kujua chochote. Ningekipeleka kwa kazi ya kuchagua: visima na vijito vipimwe kwa wingi, maji yachujwe kwanza, na kila penye rangi iliyogeuka sampuli iende maabara, pamoja na chache zilizobaki nyekundu ili kujua kipimo kinakosea mara ngapi. Majaribio yafanyike kwa maji ya Geita yenyewe, masika na kiangazi. Na kijikaratasi cha maelekezo kianze kwa kumweleza mama aliyeshika ndoo kwamba wekundu wa chupa hausemi lolote kuhusu samaki wa mto huo.