Korosho za 2018 na bei ya amri

Wanaobishana kuhusu soko huria Tanzania hugawanyika haraka pande mbili: serikali ijitoe, au serikali iingie. Msimu wa korosho wa 2018/19 unaonyesha kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Mnada wa korosho haujawahi kuwepo bila serikali. Umejengwa juu ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, ukaanza Mtwara msimu wa 2007/08, na kila hatua yake ni kanuni. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupangwa daraja, unaingia ghala kuu. Wanunuzi wanaleta zabuni zilizofungwa, zinafunguliwa mbele ya wakulima, nao wanakubali au wanakataa.

Oktoba 2018 walikataa. Msimu uliotangulia baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Safari hii zabuni zilikuwa chini ya 3,000. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli aliagiza jeshi likasombe korosho, na serikali ikatangaza kuzinunua zote kwa 3,300.

Tufanye hesabu ya mnunuzi. Korosho ghafi inayouzwa nje ya nchi hulipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Akiuza tani kwa dola 1,500, ushuru ni 225, anabaki na 1,275. Kwa dola ya wakati ule, takriban shilingi 2,300, hiyo ni kama 2,930 kwa kilo, kabla ya kulipia ghala, lori, magunia, riba ya benki na faida. Ili kufika 3,300 bila gharama hizo hata moja, alihitaji kuuza karibu dola 1,690. Zabuni ya 2,700 inaweza kumuudhi mkulima, na ana haki ya kuikataa, lakini haithibitishi njama. Sehemu kubwa ya pengo kati ya bei hiyo na 3,300 ilikuwa ushuru wa serikali yenyewe, na hilo halikusemwa mnadani.

Kisha kuna kalenda, ambayo wanasiasa huisahau. Korosho yetu inafika sokoni Oktoba hadi Januari, viwanda vya India na Vietnam vikiwa na uhaba. Kuanzia Februari mavuno ya Afrika Magharibi, Ivory Coast ikiongoza, yanaanza kumiminika. Mzigo uliokaa ghalani hadi wakati huo umepoteza faida yake kuu. Tena korosho yenye unyevu huvunda, na kiasi cha kiini kinachopatikana katika gunia la kilo 80, kipimo ambacho kila mnunuzi hukitazama kwanza, hushuka. Serikali ilipojifanya mnunuzi pekee ilibeba hasara hizi zote bila kuwa na mteja mkononi. Malipo ya wakulima yakaburuzwa hadi 2019, huku uhakiki wa mashamba ukiendelea ili kuwanasa wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi.

Kuhusu kangomba nina msimamo ambao wengi kusini hawataupenda. Ni kweli yule anayenunua kwa bakuli kabla ya mavuno anampunja mkulima vibaya. Lakini anauza kitu ambacho ushirika hauuzi: fedha taslimu mwezi wa shida. Malipo yakichelewa, kangomba hustawi, polisi wawepo wasiwepo. Kinachoiua ni benki kukopesha kwa dhamana ya stakabadhi siku ileile mzigo unapopokelewa, na fedha za mnada kuingia kwenye akaunti ya mkulima ndani ya siku chache. Liwale, mkoani Lindi, iliwaka moto Aprili 2013 kwa sababu ya malipo ya korosho, somo lilikuwepo.

James Buchanan, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi 1986, alisisitiza kwamba mtu haachi kuwa na maslahi yake akikalia kiti cha umma. Douglass North, wa 1993, alichunguza jinsi kanuni za nchi zinavyopunguza au kuongeza gharama ya kuaminiana. Kwa korosho mambo hayo mawili hukutana kwenye zabuni. Mnunuzi akiona mzigo wote unaweza kuchukuliwa kwa tamko la siku moja, msimu ujao anaikata hofu hiyo kwenye bei anayoandika. Anayeilipa ni mkulima wa Tandahimba, hata kama aliyetoa amri alimtakia mema kwa dhati.

Juni 2018, kabla ya minada, Bunge lilikuwa limeondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru huohuo wa korosho ghafi uliokuwa ukirudi kwenye tasnia kwa pembejeo na utafiti. Huo ulikuwa wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho.

Tangu msimu wa 2024/25 minada imehamia mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, nami naunga mkono kwa moyo wote, maana kila zabuni inaonekana. Kilichobaki ni kuifunga mikono ya mamlaka kwa sheria: ushuru wowote utakaobadilishwa baada ya Aprili usitumike kwa mavuno ya mwaka huo, na kikokotoo cha bei elekezi kibandikwe kwenye kila AMCOS kabla ya mnada wa kwanza, mstari wa ushuru ukionekana wazi.