Mvua ya Uganda: Upepo wa Juu au Ziwa?

Dhoruba za theluji zinapoikumba Marekani au Ulaya, watabiri wa huko huanza na mkondo wa upepo unaovuma kilomita kumi hivi juu ya ardhi, kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Mkondo huo hupita pale hewa baridi ya kaskazini inapopakana na hewa ya joto. Ukijipinda kuelekea kusini, baridi hushuka nao. Wapo wanaoyahamishia maelezo hayo Uganda kama yalivyo.

Hapa hayafai. Nchi inapitiwa na ikweta, na tofauti ya joto inayozalisha mkondo wa namna hiyo haipo. Mvua yetu nyingi huanzia chini. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu hupanda, na radi huwakuta wavuvi kabla ya alfajiri. Mchana hewa hupanda miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa nchi. Wanaosema ziwa na milima ndivyo vinavyoamua wana hoja nzito.

Lakini ziwa na mlima vipo kila mwaka. Mbona basi mvua za mwisho wa 2019 zilizidi kiasi kile, zikafuatwa na za Machi hadi Mei, hata maji ya ziwa yakafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja Mei 2020, yakivunja rekodi ya 1964? Kwa kawaida, katika miezi ya Oktoba hadi Desemba, upepo wa juu wa Bahari ya Hindi huvuma kuja kwetu, kisha hewa hushuka juu ya Afrika Mashariki na kuzuia mawingu yasikue. Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa bahari yalipata joto kuliko ya mashariki, mzunguko huo ukalegea, mawingu yakapata njia.

Kwangu, upepo wa juu huamua msimu. Ziwa na mlima huamua mahali na saa. Mkulima anayechagua mbegu anahitaji habari za msimu. Familia ya Bududa, wilaya ya miteremko ya Elgon ambako maporomoko ya udongo yaliua watu Machi 2010 na tena Oktoba 2018, haiwezi kuhama kwa sababu tu imetangaziwa mvua za juu ya wastani. Inataka kujua kama mteremko wake umeloa kupita kiasi leo. Ndiyo maana ningependa fedha zianze na vipima mvua vya milimani. Upepo wa juu unafuatiliwa na setilaiti za mataifa mengi, ilhali mvua ya jioni moja Bududa isipopimwa pale pale haitapimwa na yeyote.