Kengele Sita za Suffolk na Ringi ya Kigangoni Kwetu

Kwetu Rombo, kengele ya parokia ilikuwa inasema na watu. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni: tatu, kimya, tatu, kimya, tatu, halafu mfululizo. Mama anaacha jembe mgombani, anaanza "Malaika wa Bwana", nasi tunaitikia jicho likiwa kwenye sufuria. Ikilia moja moja, kwa kuvuta, hakuna aliyeuliza kama ni msiba. Swali lilikuwa, ni nani? Kigangoni hapakuwa hata na kengele, ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini, katekista anaigonga kwa nondo. Ujumbe ulifika.

Sasa huku Suffolk, Uingereza. Jumanne yangu ya kwanza kijijini, kengele sita zililia karibu nusu saa. Nikatoka mbio nikijua kuna moto. Jirani anamwagilia maua: "Wanafanya mazoezi tu."

Baadaye nilipanda mnarani kujifunza, na jamani, wale ni mafundi. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, inazunguka duara zima, mdomo juu mpaka mdomo juu tena. Huwezi kuiamrisha, unaichelewesha au kuiwahisha kidogo tu, ibadilishane nafasi na ya jirani yake. Kwa hiyo hawapigi wimbo, wanapiga hesabu: kengele sita zina mipangilio 720, nao wanaweza kuipitia yote bila kurudia hata mmoja, na hakuna anayesoma karatasi. Mimi mwezi wa pili nilivuta kamba kwa nguvu za kuchota maji kisimani, nikavunja kile kipande cha mti kinachoizuia kengele isipitilize. Mzee anayenifundisha alicheka, akatoa kingine stoo.

Wakimaliza, wengi wao wanateremka na kwenda zao baa. Ibadani ndani tuko kumi na mmoja.

Msinielewe vibaya, siwacheki. Hao kumi na mmoja na wanywaji wao wanachanga kamba zikichakaa. Nilipokuja likizo nyumbani nilikuta parokia moja jirani imefunga spika inayopiga kengele ya kurekodiwa. Umeme ukikatika, mchana unapita hivi hivi. Kengele yenyewe iko juu, nzima, imekosa kamba tu, na harambee ya marumaru imefanyika mara mbili! Hapo mimi nawalaumu watu wetu, si umaskini.

Mwaka jana mjomba alifariki, sikuweza kusafiri. Nikamwambia yule mzee. Walifunga ngozi upande mmoja wa ulimi wa kila kengele, desturi yao ya maombolezo: zamu moja inalia wazi, inayofuata inakuja kama mwangwi toka bondeni. Walipiga muda mrefu, vizuri kuliko kengele yoyote niliyowahi kusikia Rombo. Nilisimama barabarani chini ya mnara. Hakuna aliyetoka nje kuuliza ni nani.