Neema haimwondolei mtu uamuzi wake

Makala yenu imemnukuu mhubiri mmoja wa Kampala akisema kwamba aliyeandikiwa wokovu ataokoka tu, hata akiishi apendavyo. Mafundisho hayo yananisikitisha sana. Ni kweli kwamba neema hutangulia na hakuna ajiokoaye kwa nguvu zake. Lakini Paulo, katika Wafilipi 2:12-13, anawaagiza waamini wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo anawaambia kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, wala haoni kuwa kauli hizo mbili zinapingana.

Sisi Waganda tuna ushahidi wa karibu. Mwaka 1886 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walitakiwa kuikana imani, na kwa kukana wangeweza kunusurika. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake na aliyebatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, huko Munyonyo siku chache tu kabla ya kuuawa, alikataa kukana, akachomwa moto Namugongo. Uamuzi ule ulikuwa wake. Walokole nao, yaani Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1930 hawakuishia kutamka kwamba wameokoka, bali waliungama hadharani na kuwarudishia wenyewe vitu walivyoiba, jambo ambalo natamani lihubiriwe leo kuliko miujiza.

Namwomba mhubiri huyo awaeleze waumini wake kwa nini Yoshua aliwataka Waisraeli wachague siku ile watakayemtumikia, ikiwa hawakuwa na uwezo wowote wa kuchagua.