Vaa tartani ya ukoo wowote, ila usiniambie ni ya kale

Ingia duka la watalii Edinburgh, Uskoti, taja jina la ukoo wako, na utawekewa mbele kitambaa cha drafti, yaani tartani, ambacho, eti, mababu zako walikwenda nacho vitani. Hapo ndipo ninapobisha.

Tartani yenyewe ni ya kale kweli. Kipande kilichofukuliwa kwenye kinamasi cha Glen Affric kimepimwa, kikaonekana ni cha kati ya 1500 na 1600. Lakini kwamba drafti hizi ni za ukoo wa MacDonald na zile za ukoo wa Campbell, hilo ni jambo la juzi. Itazame picha ya David Morier ya vita vya Culloden, 1746, waasi wa Uskoti walipopigana na jeshi la serikali ya London. Wanaume wa nyanda za juu za Uskoti wamevaa drafti za kila namna, hata mtu mmoja koti halifanani na soksi. Waliomtafuta mwenzao vitani waliangalia utepe mweupe kofiani.

Baada ya waasi hao kushindwa, London ilipiga marufuku vazi hilo. Ukikamatwa nalo, jela miezi sita. Ukirudia, unahamishiwa ng'ambo miaka saba. Marufuku iliondolewa 1782, na nadhani ndiyo iliyokipa kitambaa hicho hadhi. Mwaka 1815, chama cha waungwana wa Kiskoti jijini London kiliwaomba wakuu wa koo walete sampuli zao zenye muhuri. Wengine hawakujua yao ni ipi! Wakaenda kuchagua kwa wafumaji, akina Wilson wa Bannockburn, waliokuwa na vitambaa vingi vyenye namba tu, bila jina la ukoo. Ile ya MacPherson iliwahi kuitwa Kidd, jina la mteja aliyeinunua kwa wingi kuwavisha watumwa wake visiwani Karibi. Dukani hawakusimulii hilo.

Kisha 1822 akaja Edinburgh mfalme George IV wa Uingereza, mapokezi yakiongozwa na mwandishi Walter Scott, na mfalme akavaa kilti (sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti) fupi na soksi ndefu za waridi. Wafumaji walivuna.

Je, ni uongo mtupu? Hapana. Yadi nane za sufu kwa kilti moja, marinda ya nyuma yakikunjwa hadi drafti ionekane haijakatika, ni ufundi wa kuvulia kofia. Wala hakuna sheria inayokuzuia kuvaa ya ukoo usio wako. Ile ya Balmoral, iliyopewa jina la kasri la kifalme huko Uskoti, kwa desturi huachiwa familia ya kifalme. Tangu 2009 Uskoti ina rejista rasmi ya tartani, na unaweza kusajili mpya ya kwako. Mimi ningechukua hiyo, tarehe yake ikiwa imeandikwa wazi.