Mkristo wa Malindi na Taarifa ya Habari

Tangu miili ya waumini wanaodaiwa kuhimizwa kufunga hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, Wakristo wa Malindi hawajapatana kuhusu vyombo vya habari. Wapo wanaolalamika kwamba waandishi waliyapaka matope makanisa yote kwa sababu ya mhubiri mmoja, na kwamba picha za jamaa wakilia nje ya chumba cha maiti zilirushwa tena na tena bila staha. Malalamiko hayo yana haki yake.

Lakini wenzetu wanaofuatilia taarifa ya habari, na kuyapima kwayo hata yasemwayo madhabahuni, hudhaniwa kuwa imani yao imepoa, na hapo ndipo wanapodhulumiwa. Huambiwa kwamba habari ni mambo ya dunia. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, aliyekana mashtaka ya vifo vya Shakahola, alihubiri pia kwa televisheni, na mwishoni mwa 2023 mahakama ya Malindi ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni. Basi muumini anayezima redio kwa ajili ya utakatifu, akabaki na kanda za mhubiri wake, hajaepukana na vyombo vya habari hata kidogo; amejibakishia kimoja, chenye msemaji mmoja asiyeulizwa wala kusahihishwa. Mithali 18:17 yatuonya kwamba anayetangulia kujitetea huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Huyo mwenzake atatoka wapi, ikiwa gazeti, redio na jirani wote wameshaitwa wa shetani? Waberea, Wayahudi wa mji wa Beroya katika Matendo 17:11, walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, naye alikuwa mtume.

Tena wako jamaa waliosafiri kutoka kaunti za mbali hadi hospitali ya Malindi, wakatoa sampuli za vinasaba na kuandikisha ndugu zao waliotoweka kwenye dawati la Msalaba Mwekundu, ambako majina yalizidi 600. Wengi wao walijua pa kuanzia kwa sababu habari ilitangazwa.

Mwandishi naye apimwe, bila shaka. Sauti ya WhatsApp inapozungushwa baada ya ibada, haina jina wala tarehe, ni wajibu wa mzee wa kanisa kuuliza waziwazi: nani amesema, na alikuwapo? Swali hilohilo aulizwe mchungaji akishuka mimbarini, na anayeliuliza asiitwe mwasi.